Mhudumu wa wodi au ndugu: nani amlinde bibi asidondoke usiku?

Nimemuuguza bibi yetu wa Bahi wodini hapa Dodoma so haya nimeyaona live. Ndugu ana faida yake bana, anamjua mgonjwa, bibi akiguna tu kwa Kigogo nishaelewa anataka chooni. Shida usingizi, saa nane usiku nimekoroma kwenye khanga pale chini, bibi kashameza dawa ya kukojoza, anaona aibu kuniamsha, kanyanyuka mwenyewe, kizunguzungu, puu! Bahati aliangukia mguu wangu.

Mhudumu wa afya yeye zamu yake ni ya kukaa macho, na anajua vitu sisi hatujui. Yule mama aliyekuja baadae alishusha kitanda, akainua vyuma vya pembeni, akamkalisha bibi ukingoni kwanza miguu ining'inie kidogo ndo asimame, ndala zinazoteleza akazitupa kule. Ila wodi nzima yuko mmoja, akiwa na beseni kule mwisho huku nani?

Mi nikilazimishwa kuchagua nachukua mhudumu, ila apite na kuuliza "bibi, chooni?" kabla hajaitwa, sio kusubiri kelele. Ndugu abaki mchana na uji wake.