Gari dogo la tabo: mafuta lilinusa kweli, gereji ndiyo iliyoniliza

"Mzee, gari za tabo ni za watu wenye pesa. Ungechukua ile ya kawaida."

Maneno hayo niliambiwa na kijana anayesimamia gereji moja pale Industrial Area jijini Nairobi, mbele ya wateja wanne waliokuwa kwenye benchi wakisubiri magari yao. Hakuniangalia. Mkono mmoja ulikuwa kwenye simu, wa pili umeshika funguo zangu. Nina umri wa kumzaa. Na huyo "mzee" wake hakuwa wa heshima, alikuwa wa kuniondoa mlangoni. Wiki kadhaa zimepita na maneno hayo hayajanitoka, kwa hiyo nayaandika.

Gari lenyewe ni la kutoka Japani, injini haifiki lita moja na robo, limefungwa tabo (turbo), kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Nililichukua kwenye yadi moja ya Ngong Road, siku zile petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwaka 2023 na kila mtu akawa anahesabu matone. Muuzaji aliniambia, "Hili halinywi, linanusa tu." Sikumwamini, lakini gari langu la zamani lilikuwa linanimaliza kati ya Kitengela na Upper Hill, nikasema liwalo na liwe.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Kwenye mafuta, yule muuzaji hakunidanganya, ila alininyima nusu ya habari. Mimi napima hivi: najaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, naandika kilomita, natembea, narudi kituo kilekile, najaza tena, nagawanya. Kwenda Nakuru na kurudi, nikishikilia 80 hadi 90, nilipata kilomita 18 kwa lita. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Lakini wiki ya kazi, kwenye jamu ya Mombasa Road asubuhi, lilishuka hadi 10, na siku za mvua 9. Dashibodi wakati huo inaniambia 12. Namba ya dashibodi usiiamini, iamini kalamu yako. Jirani yangu ana gari la lita moja na nusu lisilo na tabo, na kwenye jamu hiyohiyo anapata 11 bila kuhangaika.

Sababu ni nyepesi ukishaelezwa. Injini ndogo ya tabo huokoa mafuta tabo ikiwa imelala, yaani mguu mwepesi na barabara iko wazi. Ukikanyaga, tabo inasukuma hewa nyingi ndani, hewa nyingi inadai petroli nyingi, na ukizidi kukanyaga kompyuta inaongeza petroli nyingine ya kupoza moto ndani ya silinda. Kwenye jamu yetu unakanyaga, unasimama, matatu imekuchomekea, unakanyaga tena. Huko hakuna cha kunusa.

Lakini mlimani, jamani! Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Limuru imepita 2,000, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza hapa Nairobi karibu moja ya sita ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Tabo inaikusanya ile hewa nyepesi na kuibana, injini ikavuta kama iko ufuoni. Mara ya kwanza nilipopandisha kutoka Mai Mahiu na abiria wanne na magunia mawili ya viazi, mguu wangu ulikuwa nusu tu na gari linapanda kama linashuka. Nililipenda siku hiyo. Nilimpigia ndugu yangu simu tulipofika Rironi kumwambia tu hilo.

Mlima huohuo ndio ulioniaibisha.

Nilikuwa nimemfuata mamangu Nakuru. Alikuwa na miadi ya macho Kikuyu kesho yake asubuhi, miadi aliyoingojea kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limeshazama. Tulipita Mai Mahiu, tukapita lile kanisa dogo walilolijenga wafungwa wa Kiitaliano mwaka 1942, tukaanza kupanda. Kwanza nilisikia mlio mwembamba, kama filimbi inayopulizwa mbali. Nikafungua dirisha nikidhani ni lori. Kisha mamangu akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua. Kinanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni." Kabla sijamjibu, nguvu zikaisha. Mguu uko chini kabisa na gari linatambaa kama lina breki ya mkono. Taa ya injini ikawaka. Nikatazama kioo cha nyuma, sikuona barabara, niliona moshi wa buluu.

Wanaoijua barabara ile wanajua pa kuegesha ni padogo kiasi gani, na malori ya usiku huko hayana huruma. Dereva wa lori mmoja alisimama, akakata matawi na kuyatandaza nyuma yetu ili wanaokuja waone. Mungu ambariki popote alipo, hata jina sikumuuliza. Tulingoja gari la kuvuta zaidi ya saa tatu. Mamangu alikaa kwenye jiwe pembeni amejifunika leso mbili, akikohoa ule moshi, na hakulalamika hata mara moja. Angalilalamika ingekuwa afadhali. Miadi ilimpita, na nyingine akapewa ya mbali sana.

Sasa sikilizeni mambo ya gereji. Tangu ninunue gari hili, servisi zote nilifanyia pale pale Industrial Area. Pana mapokezi yenye vigae, vijana wamevaa ovaroli safi, unalipa kwa M-Pesa na unapewa risiti. Servisi ya mwisho ilikuwa kama miezi miwili kabla ya usiku ule. Gari lilipofikishwa kwao likiwa limevutwa, hawakufungua hata bolti moja. Waliinua boneti, wakaifunga, wakaniambia tabo imekufa, mpya ni shilingi 180,000 bila kazi ya mikono. Nikauliza imekufa kwa nini. Jibu: "Tabo ndivyo zilivyo."

Nililivuta tena hadi kwa fundi mmoja karibu na Kirinyaga Road, mtu wa makamo, hana vigae, ana turubai. Huyo alitumia asubuhi nzima. Aliitoa tabo, akaishika ekseli yake kwa vidole akaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto. Halafu hakuishia hapo, na ndiyo maana namheshimu. Aliufuata mrija mwembamba unaopeleka oili kwenye tabo, akafungua bolti yake, na ndani ya bolti kuna kichujio kidogo cha wavu, hakizidi ukucha. Kilikuwa kimezibwa na kitu cheusi kama lami. Akachovya kidole kwenye oili ya injini, akaisugua, akaniuliza, "Hii waliyokuwekea ni ya lori?" Nikatoa risiti mfukoni. Imeandikwa waziwazi: 20W-50, yaani oili nzito. Mfuniko wa oili wa injini yangu umechapwa 0W-20, oili nyepesi. Mtu aliufungua mfuniko huo kwa mkono wake, akaushika, akamimina oili ya pipa.

Kisha akanionyesha kitu ambacho mpaka leo kinanichoma. Alifungua mlango wa dereva, akaelekeza kidole kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko kidogo cha maandishi ya Kijapani ambacho kilikuwapo siku zote, na mimi nilikidhania urembo wa yadi. Tukakisoma kwa kamera ya simu: oili ilibadilishwa gari likiwa na kilomita kadhaa, ibadilishwe tena baada ya kilomita 5,000. Kule kwao magari madogo ya petroli yenye tabo hushauriwa oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu nusu ya hapo. Na kwenye pembe ya kioo cha mbele kipo kibandiko cha gereji yangu: servisi ijayo, baada ya kilomita 10,000. Vibandiko viwili ndani ya gari moja, havijatengana hata mita moja, na mimi nilikuwa nikikitii kile cha uongo.

Na hizo 10,000 ni za Nairobi! Saa mbili kwenye jamu unaongeza kilomita ishirini tu, lakini injini imefanya kazi saa mbili. Kilomita zimelala, oili inazeeka. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ekseli yake inaelea juu ya utando wa oili, na upande mmoja inapigwa na moshi wa injini ambao joto lake linaweza kukaribia nyuzi 900. Oili ikichelewa kufika, au ikifika ikiwa uji, hakuna cha kuiokoa.

Niseme na langu. Nilikuwa nikifika nyumbani nikitoka mbio barabarani na kuzima gari hapohapo. Oili inabaki ndani ya tabo yenye moto, inaungua, inakuwa makaa. Fundi aliniambia ningeiacha injini ikinguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Alisema pia huenda uchafu fulani lilikuja nao kutoka Japani. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa mteja asiyejua aliyelipa watu wanaojua.

Basi nikarudi Industrial Area. Sikwenda kugombana. Nilikuwa na picha za vibandiko vyote viwili, risiti, na ile bolti nimeifunga kwenye karatasi. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, "Hapo tulikosea." Pesa tungezungumza baadaye. Kijana hakuifungua karatasi. Akasema lile neno lake la watu wenye pesa, na mmoja wa wale wa kwenye benchi akacheka.

Watu wenye pesa! Oili sahihi ningeinunua. Niliuzwa oili ya pipa kwa bei ya oili nzuri, ninayo risiti. Tofauti ya servisi mbili kwa mwaka na servisi moja haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo 180,000. Usiku ule hatukuulizwa pale mlimani kama tuna pesa. Na aliyelipa zaidi ni mama wa miaka sabini na kitu ambaye hakuwa amenunua chochote.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msinunue gari la tabo hapa Nairobi, basi. Lakini nitakuwa mwongo. Fundi wa Kirinyaga Road alinifungia tabo ya mtumba kutoka Japani, mrija mpya, bolti mpya, akaisafisha injini na kuweka oili iliyoandikwa kwenye mfuniko. Jumla haikufika nusu ya ile 180,000. Tangu hapo limekwenda Nakuru mara mbili, limepata 17 kwa lita, limepanda Mai Mahiu bila mlio wala moshi. Kwa mtu anayeishi Nyahururu au Nyeri na barabara yake iko wazi, ningemwambia achukue kesho. Kwa anayekaa jamu kila siku kama mimi, ningemwambia chukua la jirani yangu, utalala usingizi. Halafu nakumbuka lilivyopanda siku ile na viazi, naona nimelisema vibaya gari lisilo na hatia.

Ila mamangu hataki kulipanda tena. Miadi yake mpya ilipofika alikuja Kikuyu kwa matatu kutoka Nakuru, peke yake, na macho yake yale, na mimi nikampokea stejini nikiwa na gari zima linalofanya kazi. Akaniambia nisihuzunike, ni kwamba tu ile harufu bado anaisikia. Hapo sina sifa za kumpa mtu yeyote.

Juzi nilipita mbele ya ile gereji. Nje palikuwa na gari la aina yangu kabisa, boneti wazi, na dada mmoja amesimama kando ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilipita, nikaenda hadi kwenye mzunguko, nikageuza. Nilimsalimia, nikamwomba afungue mlango wa dereva aangalie kwenye nguzo. Akainama, akatoa simu, akakipiga picha kile kibandiko. Kijana alikuwa ametokea mlangoni. Dada akaniuliza, "Kwa hiyo niwaambie waweke gani?" Nikachukua kalamu, nikamwandikia nyuma ya risiti yake: 0W-20, elfu tano.