Gesti ya nyuma ya soko Mwanjelwa, Mbeya, nyota 4

Madereva wa usiku hii gesti ni ya kwetu kabisa, nimelala hapo wiki nzima kabla ya kuanza trip za usiku Mbeya–Iringa, blanketi nzito, baridi ya Julai huisikii, maji ya moto tu yanaisha mapema. Nilijilaza makusudi, maana watafiti wa Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi kule Marekani, walionyesha 2009 kwamba watu waliopewa masaa 10 kitandani kila usiku kwa wiki, walipokuja kubanwa masaa 3 tu kwa usiku, umakini wao haukuporomoka kama wa wenzao waliolala kawaida na walirudi sawa haraka. Mi njia nzima nimeendesha macho makavu! Ombeni chumba cha nyuma, cha mbele bajaji zinasumbua.