TAHADHARI: Anayeuza "panya buku wastaafu" Tanga ni tapeli, msimtumie pesa

Ndugu zangu wa Tanga mjini, na wenzetu wa Muheza, Korogwe na Pangani ambao najua tangazo limewafikia: kuna mtu anauza panya buku kwa simu. Anasema ni "wastaafu" wa Morogoro, waliokuwa wakinusa mabomu na kupima TB, sasa wanatafutiwa nyumba. Bei ni 180,000 kwa jozi. Msimtumie hata senti. Mimi nilimtumia, na hii ni wiki ya tano nauguza mnyama ambaye hakupaswa kabisa kuwa nyumbani kwangu.

Wanaonijua wanajua nafuga panya. Hapa Makorora ninao weupe sita, na wanne kati yao niliwachukua kwa watu waliochoka nao. Kwa hiyo tangazo lile lilipopita kwenye kundi letu lilinishika pale penye huruma: "Wamelitumikia taifa, wanatafuta pa kuzeekea." Aliyeandika maneno yale anajua vizuri anamwandikia nani.

Nikampigia. Sauti ya upole, anaitikia salamu kwa adabu, kila neno "dada yangu". Akasema yeye ni mtumishi wa kituo cha Morogoro wanakofundishwa panya hao, kwamba panya hao wamepangiwa kuuawa mwisho wa mwezi na tuwahi kuwaokoa. Nikatuma 90,000 na ya kutolea, iliyobaki nimalizie mzigo ukifika. Baada ya siku mbili akadai 35,000 nyingine za chanjo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, maana najua panya wa kufugwa hana chanjo ya kawaida kama mbwa anavyochomwa ya kichaa. Lakini moyo ulishawapokea wale wanyama. Nikatuma.

Mzigo ulishuka stendi ya Kange alfajiri. Boksi la sabuni, limezungushiwa gundi pande zote, limetobolewa matundu manne kwa msumari. Ilikuwa Februari, na joto letu la Februari mnalijua. Panya hatoi jasho akapoa kama sisi. Mfungie mahali pasipopita hewa, saa chache zinatosha. Jike nilimkuta amekufa. Dume alikuwa hai, mguu wa nyuma umekatwa na waya mpaka mfupa unaonekana.

Kidonda kile ndicho kilichonieleza ukweli wote. Ni kidonda cha tanzi. Huyu alitegwa shambani au msituni, akafungwa, akauzwa. Panya wa kazi hazaliwi hivyo wala hakui hivyo. Wale wa Morogoro, wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, huanza kushikwa na walezi wao wakiwa wadogo kabisa, mara tu macho yanapofunguka, wakazoeshwa watu na makelele. Kisha wanafundishwa kwamba mlio mdogo wa "klik" maana yake chakula kinakuja, na ndivyo wanavyofundishwa harufu kwa miezi mingi. Ndiyo maana panya mmoja anaweza kupita sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi, akionyesha pale anaponusa TB. Mnyama wa namna hiyo hupanda mkononi mwenyewe. Wangu, nilipousogeza mkono, alijirusha kwenye nondo za kizimba mpaka pua ikatoka damu.

Nilipojaribu kumwosha mguu alinitia meno kidoleni, yakapenya glavu mbili. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na maumivu na mimi kwake nilikuwa yule yule aliyemtega. Lakini jeraha sikulifanyia mzaha. Nililiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, nikaenda hospitali siku ile ile. Kuna homa inayotokana na kung'atwa na panya: mara nyingi huanza siku ya tatu hadi ya kumi, joto linapanda, viungo vinauma, vipele vinatoka, na kidonda chenyewe huenda kimeshapona. Usipomwambia daktari kwamba uling'atwa, atapima malaria na taifodi tu. Nawaomba mlio na watoto mlishike hilo.

Na dume huyu alikuja na viroboto. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kufundishwa tauni ni nini. Kuanzia 1980 Lushoto iliishi nayo miaka zaidi ya ishirini, na wanaoipeleka kwa binadamu ni viroboto wa panya. Marekani nako, mwaka 2003, watu zaidi ya arobaini waliugua mpox, iliyokuwa ikiitwa homa ya nyani, baada ya shehena ya wanyama kutoka Ghana, panya buku wakiwemo, kuuzwa kama wanyama wa kufuga na kuwaambukiza wanyama wengine waliowekwa nao pamoja. Serikali yao ikapiga marufuku kuingiza panya kutoka Afrika. Huyu muuzaji wetu anawapakia kwenye basi la abiria.

Sasa picha. Kwenye tangazo kuna panya mmoja anatazama kamera, amesimama vizuri, manyoya yanang'aa. Picha imekatwa chini ya kidevu. Nilihisi nimeshaiona mahali. Nilipotafuta ile kamili nikakuta shingoni ana utepe wenye nishani ya dhahabu. Ni Magawa, aliyezaliwa hapa kwetu Tanzania, akaenda Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, likamvisha ile nishani, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021. Alifariki Januari 2022. Mtu huyu anauza wanyama walioteswa kwa sura ya marehemu aliyeokoa watu.

Na kama mtu atawaambia "lakini mbona kuna kuasili panya wa APOPO," ni kweli kupo, ila ni kuchangia pesa za matunzo na mafunzo. Mnyama anabaki kwa walezi wake. Magawa mwenyewe alizeekea mikononi mwa waliofanya naye kazi.

Mtu huyu huyu anauza na panya weupe. Jirani yangu wa Chumbageni alinunua "majike wawili" kwa ajili ya binti yake. Mmoja alikuwa dume. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, kwa hiyo kabla mwezi haujaisha nyumba ilikuwa na vichanga tisa, na mama yao mwenyewe bado mtoto. Jike wa wiki tano anaweza kushika mimba. Ndiyo maana anayefuga kwa uaminifu hutenga madume na majike mapema, na kwa umri huo mapumbu ya dume yanaonekana wazi, hayahitaji mtaalamu. Mgeuze mnyama umwangalie kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikukataza kumgeuza, ondoka.

Angalia na pua na macho. Ukiona kitu chekundu kama damu kavu pembeni ya jicho, mara nyingi si damu, ni ute wa tezi iliyo nyuma ya jicho, nao huongezeka mnyama akiwa mgonjwa au akiwa na mashaka. Mweke sikioni. Panya mzima hasikiki anapohema. Ukisikia mlio kama wa filimbi iliyoziba, mapafu yameshashikwa, na ugonjwa ule ukiingia hauishi, unatulizwa tu. Wale wawili wa jirani walikuja wakikoroma. Walilazwa kwenye maranda mabichi ya paini yaliyolowa mkojo, harufu inakata macho, na kwa mnyama anayehema kwa pua tu hiyo ni sumu ya kila pumzi. Tumewahamishia kwenye vipande vya karatasi na matambara ya pamba, na daktari wa mifugo amewaanzishia dawa. Mmoja anakula vizuri. Mwingine simwahidi mtoto chochote.

Dume wangu wa tanzi yuko stoo, gizani, peke yake. Usiku namwekea karanga, muhogo mbichi na ndizi, asubuhi nakuta ameshahamishia zote kwenye kona yake. Mguu umeanza kufunga. Daktari amesema tusimwachie kabla haujapona, na mimi bado sijui alitegwa wapi ili nimrudishe kwao.

Namba ya muuzaji siiweki hapa, nimeikabidhi kituo cha polisi Chumbageni pamoja na miamala yote. Kama na wewe ulimtumia, usifute meseji, usitupe boksi wala risiti ya basi, nenda ukaandikishe maelezo, na namba yake uitume 15040 inakoripotiwa namba za matapeli wa simu. Tukiwa wengi jalada linakuwa zito.

Jana jioni tangazo limerudi kwenye kundi jingine kwa jina la mwanamke. Bei imeshuka hadi 150,000. Picha ni ile ile, imekatwa pale pale chini ya kidevu.