Soli za ndani kwa mwenye kisukari: ipi itangulie, ipi iachwe dukani

Swali la muuza viatu wa Darajani, "Vipi, hakibani?", linamfaa kila mteja isipokuwa mwenye kisukari ambaye miguu yake imekwisha kuingia ganzi. Mguu wa namna hiyo hauhisi kubanwa, na mara nyingi mwenyewe huchagua kiatu kidogo kuliko kipimo chake, kwa kuwa kinachobana ndicho pekee anachokihisi. Kwa hiyo katika kununua soli za ndani za kuzuia vidonda, raha inayosikika dukani isitegemewe hata kidogo.

Si kila mwenye kisukari anazihitaji. Ganzi hupimwa kliniki kwa uzi wa plastiki unaojipinda unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10, ambao mhudumu huugusisha kwenye unyayo huku mgonjwa amefumba macho. Anayeuhisi kila mahali, na mguu wake haujabadilika umbo, atosheke na kiatu kizuri na aweke fedha zake. Asiyeuhisi yumo hatarini, kwani kidonda huanza pale uzito unapokusanyika, hasa chini ya kidole gumba na chini ya vichwa vya mifupa ya mbele ya unyayo: sugu hujijenga hapo, sugu yenyewe huzidisha mkandamizo, na nyama iliyo chini yake huharibika kabla ngozi haijaonesha dalili. Kazi ya soli ni kuutawanya uzito huo.

Ya kwanza kwa ubora ni soli iliyofinyangwa kwa umbo la mguu wa mhusika, yenye sponji laini juu na ngumu zaidi chini. Aliyewahi kuwa na kidonda cha unyayo, au ambaye vidole vyake vimejikunja, asitafute njia ya mkato. Anahitaji hii, na lengo la mtengenezaji liwe kupunguza mkandamizo kwa angalau asilimia 30 mahali palipokuwa na kidonda. Mafundi wa kazi hii kwa Tanzania husomea Moshi, katika TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kilichopo hospitali ya KCMC. Aliyeko Unguja au Pemba aanze kwa kumuuliza daktari wa kliniki yake, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja (Unguja) au Abdulla Mzee (Pemba), juu ya rufaa, kuliko kupanda boti kwa kubahatisha.

Ya pili si soli ya kutumbukiza ndani ya kiatu, na hapa natofautiana na wanaowaandikia watu wa nchi za baridi. Sisi viatu huvuliwa mlangoni, na sehemu kubwa ya hatua za siku, hasa za mama wa nyumbani, hupigwa peku juu ya sakafu. Soli ya thamani iliyobaki barazani haimkingi mtu. Kwa hiyo naweka nafasi ya pili sendo za kuvaliwa ndani ya nyumba tu, zenye kitako kinene cha mpira wa sponji, mikanda mipana inayorekebishika na mshipi wa nyuma. India imetumia mpira wa aina hiyo kwa miaka mingi katika viatu vya wagonjwa wa ukoma, ambao nao hupoteza hisia za miguu. Ndara zenye kamba kati ya vidole hazifai, kwa kuwa kamba hukwangua bila mtu kujua.

Ya tatu ni soli bapa ya dukani yenye tabaka mbili za sponji, kwa mwenye ganzi ambaye mguu wake bado una umbo la kawaida. Chagua sponji isiyonyonya maji, maana anayetawadha mara tano kwa siku huingiza unyevu kiatuni hata akijifuta, na akaushe vizuri baina ya vidole.

Jeli naiweka mwisho. Ni laini mkononi, lakini ni nzito, hutunza joto na jasho, na kwa uzito wa mtu mzima mara nyingi hukimbilia pembeni. Zile zenye vinundu vya "kukanda" unyayo, zenye sumaku, na za nusu mguu zenye ukingo mkali, zisinunuliwe kabisa.

Soli yoyote hula nafasi ndani ya kiatu. Ikiwekwa juu ya soli ya awali, vidole hupanda na kusuguliwa na ngozi ya kiatu, na kidonda huhamia juu. Basi nunua jioni, miguu ikiwa imevimba. Simama juu ya karatasi, chora miguu yote miwili, kata karatasi kwa kufuata mchoro na uitie kiatuni. Ikikunjika pembeni, kiatu ni chembamba. Kwa urefu, ibaki sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu.

Siku ya kwanza vaa kwa saa moja, kisha angalia unyayo, kwa kioo au kwa macho ya mwanao. Alama nyekundu isiyofutika ndani ya nusu saa ina maana kwamba soli irudi kwa fundi. Sponji nayo hushindiliwa kwa miezi. Ibonyeze kwa kidole gumba, na isipoinuka tena, badilisha. Ambaye tayari ana kidonda kilicho wazi asinunue chochote kati ya hivi kabla hajaonana na daktari.