Meza ya poka ya Alhamisi: nyota nne kwa mgawaji, moja kwa simu yangu

Kwanza tuelewane. Poka ninayoisema hapa si ile ya mtaani. Mkenya ukimtajia poka, akili yake inakwenda kwenye ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, unapobakiwa na moja ukapaza sauti, "Niko kadi!" Huo nimeucheza tangu shule ya msingi. Hii nyingine ni Texas Hold'em: karata mbili zako za siri, tano za wote katikati ya meza, na pesa. Kwetu Mombasa mambo haya hayasemwi kwa sauti, na anayeona kamari ni haramu nampa haki yake, anipishe tu nimalize. Aliye chini ya miaka 18 naye asiyachukue haya kama mwaliko.

Kasino iko Westlands, Nairobi. Jina silitaji, kwa sababu kuna mtu nitamsema vibaya huko mbele na bado anakalia kiti cha sita kila Alhamisi. Nimekwenda kwa miezi kumi na minne. Nikiingia nabadilisha sh 10,000 ziwe chipu, vibao vidogo vya kuchezea badala ya pesa, zikiisha naita teksi. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya watu, kwa hiyo najua vizuri hadithi inayoanza na "leo tu nitaongeza kidogo" huishia wapi.

Meza ya poka ni moja tu, viti tisa, blaindi (dau la lazima la wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa) ya sh 50 na 100, na nyumba, yaani kasino, hukata kamisheni yake kwenye kila poti, zile pesa zote zilizowekwa katikati katika raundi moja. Kiyoyozi kimewekwa kama cha duka la nyama, njoo na mtandio. Choo kisafi. Chai haina maana. Sambusa ni za bure na ni tamu kupita kiasi, na zilishawahi kuzua kesi, nitaieleza.

Kinachonirudisha pale ni mgawaji wa karata wa zamu ya usiku. Alhamisi yangu ya kwanza, jirani yangu wa kulia aliweka sh 200. Mimi nilishika ree mbili (babu aliziita ree, hawa vijana wanasema esi). Nikachukua chipu moja ya sh 1,000, nikaisukuma mbele kimya kimya kama wafanyavyo kwenye sinema, moyoni nikijua nimeongeza hadi elfu. Mgawaji akatangaza, "Amelipia, 200," akanirudishia sh 800. Nikaona uso unawaka. Kumbe kanuni ndiyo hiyo: chipu moja kubwa ikiwekwa bila neno, mbele ya dau la mtu, ni kulipia tu. Ukitaka kuongeza, tamka kwanza, na ukishatamka kwa zamu yako, neno limekufunga.

Raundi iliyofuata nikatenda kosa la pili. Niliweka chipu mbili mbele, mkono ukarudi kwenye rundo kuchukua tatu nyingine. Mgawaji akainua kidole: zile mbili za kwanza ndizo zinazohesabika. Nilidhani ananionea. Baadaye nilipofikiria nikaelewa. Mtu anayeweka kwa mafungu anaweza kusukuma fungu la kwanza, akamtazama mwenzake usoni kama ameshtuka au amefurahi, ndipo aamue kama ataleta fungu la pili. Mimi sikuwa na ujanja huo, lakini kanuni haiwezi kupima roho ya mtu, inapima mikono yake.

Kilichonishinda moyo ni kwamba hakunikemea mbele za watu. Alingoja raundi ile iishe, akiwa anachanga karata akaniinamia: "Dada, ukianza na neno 'naongeza', hakuna atakayekugusa." Sekunde kumi tu. Nimewahi kulipia semina za siku tatu ambazo hazikunifundisha kiasi hicho.

Inabidi nieleze nilikotoka. Karata nilijifunzia barazani kwa babu, Mji wa Kale, na barazani adabu ni nyingine kabisa. Pale karata nzuri haiwekwi, inabamizwa, pa!, na anayeibamiza huinuka nusu kwenye jamvi. Watazamaji ni wengi kuliko wachezaji na kila mmoja ana ushauri. Mzee mmoja alikuwa akisimama nyuma ya mchezaji, anaguna tu, na mguno wake ulijulikana: mfupi maana yake tupa hiyo, mrefu maana yake shikilia. Hakuna aliyeona vibaya, kwa sababu hakukuwa na hata senti mezani. Ukishindwa unaondoka na matusi ya utani na kikombe cha kahawa chungu.

Mdomo huo wa barazani nilikwenda nao Westlands. Wiki ya tatu hivi, nilitupa karata zangu mapema, saba na mbili, takataka. Zikafunuliwa tatu za katikati, na mbili kati ya hizo ni saba. Nikasema, "Aaah!" Neno hilo moja, na mkono kichwani. Nilikuwa nimeshatoka, pesa si zangu, nikadhani guno langu halimhusu mtu. Upande wa pili wa meza kulikuwa na mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru, anayeheshimiwa na wote. Alipokuja kuvuta hewa nje akanikuta, akanieleza taratibu, "Binti, yule kijana alikuwa ananitisha kwamba ana saba. Nilikuwa karibu kukimbia. Wewe uliponung'unika nikajua saba moja imetupwa, nikamlipia, nikamla. Nilipata pesa yake kwa mdomo wako." Hakuwa analalamika, maana ndiye aliyenufaika! Lakini aliona haya kwa niaba yangu, na tangu siku ile nikitupa karata nanywa maji.

Kucheza kabla ya zamu yako ni ndugu wa kosa hilo. Mchezo unazunguka kufuata saa, na aliye nyuma hungoja walio mbele yake waamue kwanza. Ukitupa karata wakati watu wawili mbele yako bado hawajaamua, umempa wa kwanza zawadi, amejua huna kitu, na umemnyima wa pili kivuli chako. Watu wengi hufanya hivi kwa kuchoka tu, jicho likiwa kwenye simu. Mgawaji wa zamu ya usiku hulizuia kwa kunyoosha kiganja mezani kama askari wa barabarani. Wa zamu ya jioni huliacha, na ndiyo maana sifiki kabla ya saa mbili usiku.

Sasa sambusa. Karata za kasino ni za plastiki tupu, zinafutika, hazikunjiki kirahisi. Lakini alama ya kidole chenye mafuta mgongoni mwa karata ni alama, na karata yenye alama inajulikana hata ikiwa imelala kifudifudi. Usiku mmoja bwana mmoja mnene, mcheshi, alikula sambusa nne huku anacheza, na kufika saa nne kila mtu alikuwa anaitambua mfalme wa uru kutoka upande wa pili wa meza. Msimamizi wa ukumbi akaitwa, seti nzima ikabadilishwa, mchezo ukasimama robo saa. Tangu hapo sambusa zinaliwa kwenye kimeza cha pembeni, na karatasi za kujifutia zimewekwa. Hiyo ni sifa kwa nyumba. Kwingine wangebandika tangazo la kukataza kula.

Nyota ya tano waliipoteza kwa sababu ya kiti cha sita, nami nieleze kama lilivyotokea. Nilikuwa na wafalme wawili. Mezani zilikuja mfalme, tisa, nne, kisha tisa nyingine, na ya mwisho mbili. Kwa wasiojua: nilikuwa na wafalme watatu na tisa mbili, nyumba kamili, mkono mkubwa usiokuja mara nyingi. Nikasukuma chipu zangu zote. Poti ilikuwa imefika sh 18,400. Kijana wa kiti cha sita alikuwa ameshika tisa mbili zilizobaki. Zote nne! Hakuna karata yoyote duniani ambayo ingemshinda pale, na yeye alijua.

Alichotakiwa kufanya ni kulipia papo hapo na kufunua. Badala yake alishika kichwa. Akapumua. Akaniuliza, "Una nini, mama?" Akahesabu chipu zake mara mbili. Dakika mbili nzima. Kisha akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Basi nilipie tu, nikafe." Nikafunua wafalme wangu, mkono ukaanza kwenda kwenye poti. Ndipo akafunua tisa moja. Akanyamaza. Akanitazama. Akafunua ya pili.

Wenyewe wana jina la Kiingereza kwa tendo hili. Mimi naliita kumlisha mtu harusi ambayo si yake. Halivunji kanuni yoyote, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mgawaji hakuwa na la kumfanya. Kufikiri kwa muda mrefu unapokuwa na uamuzi mgumu ni haki yako, na anayechelewesha kupita kiasi unaweza kuomba ahesabiwe muda. Lakini kufikiri wakati hakuna cha kufikiri ni kumchezea mtu shere. Pesa ningepoteza vilevile. Sikulilia sh 18,400, nililia zile sekunde tatu nilizokuwa nimeshazitumia kwa karo ya mwanangu. Mzee wa Nakuru alisema tu, "Kijana, ungemlipa mara moja," na meza nzima ikaacha kuzungumza naye. Nilitaka msimamizi aseme neno. Hakusema. Nyota moja chini.

Kuhusu bakshishi: ukishinda poti ya maana, msukumie mgawaji chipu. Mcheza kwao hutunzwa, na yule dada anasimamia kelele zetu hadi saa kumi alfajiri. Kuhusu kuondoka: hakuna sheria inayokukataza kushinda kikubwa ukaaga dakika hiyohiyo, ila wenzako watakukumbuka. Mimi nikikaa tu natangaza, "Saa tano naondoka, nina kazi kesho." Ikifika saa tano, niwe juu au chini, hakuna anayenuna.

Naja kwenye simu. Mwaka 2003 mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker (ndilo jina lake halisi, na mimi kama mtu wa hesabu namwonea wivu), aliingia kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas kupitia mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, akatoka na dola 2,500,000. Tangu hapo kila mtu anadhani kochi la nyumbani ni mlango wa Las Vegas. Mimi pia nilipakua programu ya poka kwenye simu, wakati wa likizo ya Desemba, nikaweka sh 2,000 kwa M-Pesa.

Ajabu yake ni hii: kwenye programu makosa yangu yote ya mwanzo hayawezekani. Huwezi kuweka kwa mafungu, kitufe ni kimoja. Huwezi kucheza kabla ya zamu. Mafuta ya sambusa yanabaki kwenye kioo chako mwenyewe. Hata kufunua karata, mashine inafunua, kwa hiyo yule kijana asingepata tamasha lake lote. Kanuni zimetimizwa kwa asilimia mia, na bado sijawahi kukaa na watu wasio na adabu kama wale. Siku ya pili nilimla mtu kwa karata ya mwisho, bahati tupu, nakiri. Akaniandikia kwenye kisanduku cha maongezi nirudi jikoni, kisha akamtaja mama yangu. Angekuwa kiti cha tatu pale Westlands, akinitazama na mtandio wangu, angesema "bahati hiyo, madam" akagonga meza.

Halafu muda. Programu inakupa sekunde chache kwa kila uamuzi na akiba kidogo ya kuchota ukibanwa. Kuna wanaocheza meza sita kwa mpigo, kila meza inawangoja. Kuna wanaoimaliza akiba yote kwa makusudi ili uwakasirikie ukosee. Umeme ukikatika kwangu South B, karata zangu zinatupwa zenyewe, na nikirudi nakuta nimeitwa mwoga. Nilizima maongezi. Baada ya hapo ikawa kama kucheza na kikokotoo, tena kikokotoo kinachonishinda. Nyota moja, kwa sababu pesa yangu iliyobaki, sh 640, waliirudisha siku hiyohiyo.

Jambo moja sijalielewa kwa hao wanaotukana. Wazoefu huwaita wageni samaki. Sawa. Mimi nimekulia pwani, na sijawahi kuona mvuvi anayempigia samaki kelele kwa sababu ameingia wavuni vibaya.

Ukitaka kwenda, Alhamisi kuanzia saa mbili usiku. Kitambulisho wanakidai mlangoni. Usichukue kiti cha kwanza, kiko ubavuni mwa mgawaji na karata za katikati huzioni bila kujinyonga shingo. Cha nne au cha tano ni vizuri. Cha sita kina mwenyewe.