Vitamini D yangu: mashine moja 19, nyingine 31

Nameza vidonge vya vitamini D2 vya yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, nilivyoandikiwa na daktari hapa Minneapolis. Baridi ikishaingia huku, jua ni la pambo tu: liko chini mno, na hata ukilianikia uso hupati kitu. Basi kupima nimepima, tena kwa njia tofauti, na naandika kwa ajili ya mwenzangu anayejiuliza pesa yake aipeleke wapi.

Nilianza na kipimo cha kawaida cha kliniki. Mashine zao zinatumia kingamwili, yaani protini zinazonasa kitu maalumu, hapa vitamini D. Vitamini D iliyo katika damu yako inashindania nafasi kwenye kingamwili hizo na nyingine iliyotiwa alama inayotoa mwanga. Mwanga ukififia, ina maana yako ni nyingi. Huduma yenyewe sina la kulalamika. Mtoa damu aliupata mshipa mara moja, jioni majibu yakawa kwenye simu, na bima ikalipa. Shida ilikuwa jibu: nanogramu 19 kwa mililita, ndogo kwa mtu aliyemeza vidonge tangu vuli. Daktari akaniuliza kama kweli navimeza. Aliuliza kwa upole, ule upole wa mtu asiyekuamini.

Aliyeuliza swali la maana ni mfamasia: walipima kwa njia gani, na wewe unameza D2 au D3? D3 ndiyo ngozi inayotengeneza, na ndiyo iliyo katika samaki. D2 hutokana na uyoga na hamira. Zikishapita kwenye ini, tofauti yake ni ndogo sana: D2 ina atomu moja ya kaboni zaidi. Lakini baadhi ya kingamwili hiyo kaboni moja inazisumbua. D3 zinaishika barabara, D2 zinaishika nusunusu.

Nikaomba damu ipelekwe kwenye maabara yenye spektrometa ya masi, ile njia ambayo kwenye fomu imeandikwa LC-MS/MS. Hapo hakuna kingamwili. Vitamini inatolewa kwanza kwenye protini inayoibeba, inapitishwa kwenye mrija unaotenganisha vitu, kisha molekuli zinapimwa uzito: ya D3 karibu 401, ya D2 karibu 413. Haziwezi kuchanganywa. Majibu yalichelewa siku kadhaa na gharama nilibeba mwenyewe, ila yalikuja na mistari mitatu: D3 9, D2 22, jumla 31. Kumbe vidonge vilikuwa vinafanya kazi siku zote, mashine ya kwanza ndiyo haikuwa ikiviona vizuri. Nilimtumia daktari karatasi ile bila neno la ziada.

Tofauti hiyo si ya kupuuza. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema mwaka 2010 kwamba 20 inawatosha watu karibu wote kwa afya ya mifupa. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa homoni kikataka 30. Kwa 19 nimefeli kote kuwili, kwa 31 nimefaulu kote. (Mwaka 2024 chama hicho kiliacha kuitetea ile 30, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe ovyo, hata sisi wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo kama huna sababu, huenda hata hii makala haikuhusu.)

Nilijaribu pia kifurushi cha nyumbani, unachoma kidole na kudondosha damu kwenye kadi. Kukamua kidole chenye baridi ni adhabu. Kwa mtu anayeogopa sindano ni sawa, mwingine asijisumbue.

Wala msidhani spektrometa haina dosari. Kuna pacha wa vitamini D, epima ya C3, mwenye uzito ule ule kabisa. Mrija usipomtenganisha, anahesabiwa ndani. Kwa mtu mzima ni kiasi kidogo, kwa mtoto mchanga anaweza kupandisha jibu kweli kweli. Ndiyo maana naangalia pia kama maabara inashiriki ukaguzi wa nje, kama ule wa CDC, taasisi ya serikali ya afya hapa Marekani, au DEQAS, mpango wa Uingereza wa kukagua vipimo vya vitamini D, ulioanza 1989. Dada zangu mnaomeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha nanyi mtahadhari: katika baadhi ya mashine za kingamwili biotini nyingi hupandisha jibu la vitamini D kwa uongo. Simamisheni kabla ya kutoa damu, na mwambieni daktari.

Kabla hujalinganisha, tazama kizio. Binamu yangu wa Leicester alitutambia kwenye kundi la ukoo kwamba ana 62. Uingereza wanahesabu kwa nanomoli kwa lita. Gawanya kwa 2.5, inabaki kama 25, chini yangu! Hata ile 115, wastani wa vitamini D ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, inayotajwa sana tangu utafiti wa 2012 ni nanomoli, yaani 46 kwa kizio changu. Nayo ilipimwa kwa spektrometa, kwa hiyo naiamini.

Hukumu yangu: anayemeza D2 alipie LC-MS/MS, la sivyo atapoteza muda akijitetea. Mjamzito naye aulizie njia hiyo, kwa sababu protini inayobeba vitamini D huongezeka wakati wa mimba na baadhi ya mashine za kingamwili hupunja. Anayemeza D3 tupu, ya kliniki inamtosha, mradi asihamehame maabara. Mimi daktari amenihamishia D3. D2 ikishaisha mwilini nitarudi pale pale kliniki, bima ilipe.