Nta ya kupaka ugwe wa upinde: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Pitisha ukucha taratibu juu ya ugwe. Ukihisi vinyweleo vinakwaruza, ugwe umekauka na unadai nta. Nta ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya upinde, lakini ukikosea aina utaharibu ugwe mzuri.

Kabla ya kununua, ujue ugwe wako ni wa nini. Dacron ni poliesta. Huvutika kidogo, ndiyo maana hufungwa kwenye pinde za mbao na za wanafunzi. Pinde nyingi za mashindano za siku hizi zina nyuzi za Dyneema, ambazo karibu hazivutiki lakini haziwezi joto kali. Zote mbili nta inazifanyia kazi moja: inapenya katikati ya nyuzi zisisagane kila mshale unapotoka, inazishikanisha, na inazuia maji. Ugwe ulionyonya mvua huwa mzito, na mshale hupiga chini ya pale ulipolenga.

Ya kwanza kwangu ni nta laini ya viwandani, ile ya kijiti kinachosukumwa kama dawa ya midomo. Haina silikoni, inafaa ugwe wowote, na mkono wa mtoto unaweza kuipaka.

Ya pili ni yenye silikoni, kama Seal-Tite ya Bohning. Hii hupenya vizuri kuliko zote, na penye unyevunyevu kama pwani ningeichukua mapema. Naishusha kwa sababu moja tu: ikiingia chini ya uzi ulioviringishwa katikati, pale mshale unapopachikwa, uzi huo unaweza kuanza kuteleza. Ukiwa makini, haina tatizo.

Ya tatu ni nta ya nyuki. Kwa upinde wa asili wenye ugwe wa kitani au Dacron, naipenda kwa moyo wote, na Tabora haijawahi kuikosa. Lakini ni ngumu, huyeyuka kwenye sentigredi 62 hadi 64, kwa hiyo inataka kusuguliwa sana. Ikibaki juu juu inanata na kukusanya vumbi la uwanjani.

Mshumaa, mafuta ya mgando na kiwi ya viatu usiviguse. Niliwahi kupaka mshumaa. Kesho yake ulikuwa umepukutika vipande vyeupe na nyuzi ndani zilikuwa kavu vilevile.

Kupaka nako kuna adabu yake. Paka kidogo, kisha sugua kwa vidole viwili au kipande cha ngozi mpaka uhisi uvuguvugu. Kwa Dyneema usikimbize mkono, joto likizidi linadhoofisha nyuzi. Halafu zungusha uzi mwembamba mara moja kwenye ugwe, uvute kutoka juu hadi chini. Utaona nta iliyozidi, mara nyingi nyeusi kwa uchafu, inatoka mbele ya uzi. Sehemu zilizoviringishwa uzi ziruke, na kwenye upinde wa kampaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, nta isifike magurudumuni.

Ukikuta uzi mmoja tu umekatika, nta haitausaidia ugwe huo. Ufungue, na usipige hata mshale mmoja zaidi mpaka ufunge mpya.